Mama Tarehe na ubao wa miaka kumi na minane

Saa nne na nusu asubuhi. Milango ya mbele ya baa bado imefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza miguu ikitazama dari, na sakafu ina unyevu wa deki. Nyuma ya kaunta, mwanamke wa miaka arobaini na mitano amesimama juu ya kreti tupu iliyogeuzwa, kitambaa kibichi mkononi. Anafuta tarehe ya jana.

Hana haraka. Anaanza na siku, anafuata mwezi, anamalizia mwaka, ingawa mwezi na mwaka havijabadilika. Anasubiri ubao ukauke. Kisha anachukua chaki na kuandika tarakimu moja moja, kubwa, katikati ya maneno yaliyopakwa rangi ya mafuta ambayo hayafutiki. Akimaliza, ubao unasomeka hivi: Aliyezaliwa baada ya tarehe 14 Mei 2007 hauziwi kileo hapa, wala hahudumu.

Anashuka kwenye kreti, anarudi nyuma hatua tatu, na midomo yake inaanza kwenda bila sauti. Anahesabu. Akimaliza anahesabu tena. Halafu anaweka kiganja kwenye fremu ya ubao, anafumba macho na kuomba.

Kila siku huomba hapo, sala fupi ya mtu aliye kazini. Leo imekuwa ndefu. Mhudumu mwenzake anayepanga chupa kwenye friji anatazama saa ya ukutani, anamtazama tena yeye.

"Mama Tarehe, leo unaomba au unasoma kitabu kizima?"

"Panga chupa zako," anajibiwa, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Mama Tarehe ni jina alilopewa na wateja, na limemganda kiasi kwamba hata muuza barafu anamwita hivyo. Katika baa hii ana miaka kumi na miwili. Ni mhudumu mkuu wa kaunta, kazi inayompa laki mbili na nusu kwa mwezi na maumivu ya mgongo ambayo hayalipiwi. Anajua nani hunywa taratibu, nani akifika chupa ya tatu huanza kulia, na nani aitiwe gari kabla hajaomba ya tano. Lakini mtaani hajulikani kwa hayo. Anajulikana kwa ubao.

Sheria yenyewe haina mzunguko. Aliye chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi kununua kileo, na haruhusiwi kukiuza wala kukihudumia. Karatasi yenye maneno hayo imebandikwa karibu kila baa, mara nyingi nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa inajificha. Wengi hutegemea macho. Wakiona kimo na ndevu, chupa inafunguliwa.

"Ndevu hazina tarehe," anasema Mama Tarehe huku akishusha viti. "Nimeona watoto wa miaka kumi na sita wenye ndevu kama wachungaji, na nimeona baba wa watoto wawili mwenye uso kama yai."

Saa tano na dakika kumi, mteja wa kwanza asiyemfahamu anaingia. Ni kijana mrefu, shati limechomekwa, sauti nzito. Anaagiza bia mbili baridi bila kumtazama usoni.

"Karibu, baba. Ulizaliwa lini?"

"Nina kumi na tisa."

"Sijakuuliza miaka. Nimeuliza siku."

Kijana anainua macho kuelekea ubaoni, kidogo tu, kisha anasema polepole, "Tarehe kumi na nne. Mei." Anasita. "Elfu mbili na saba."

"Hongera sana, leo ni siku yako. Kitambulisho kiko wapi tukushangilie?"

Kijana anapapasa mfuko wa nyuma, anapapasa wa mbele, anacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa, na mwishowe anaondoka na soda. Mama Tarehe anampa na mrija. Anaeleza kwamba hakuna mtu anayetazama ubao ili akumbuke siku aliyozaliwa, na kwamba kwa wiki hukataa watu kama ishirini, ambao wawili watatu huwa "wamezaliwa" tarehe ileile aliyoiandika asubuhi.

"Ukimuuliza mtu miaka, ameshajiandaa. Ameikariri njiani. Siku haikaririwi. Najua, kwa sababu na mimi nilikariri miaka nikasahau siku."

Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake alikuwa akifua nguo za watu, na yeye aliishia darasa la nne, mahali ambapo hesabu za kutoa zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuwa ngumu. Akaenda kuomba kazi kwenye kilabu kimoja cha vinywaji mbali na nyumbani. Mwenye kilabu alimuuliza ana miaka mingapi, akasema kumi na tisa. Mwenye kilabu alimtazama, akajua, akampa trei.

Alihudumu miezi mitano. Hasimulii yote. Anasema tu kwamba wateja wenye umri wa baba yake walimwita mchumba, na kwamba mtu akikwambia onja kwanza glasi yangu ndipo nilipe, na wewe una miaka kumi na sita, huna mahali pa kuanzia kukataa. Alionja. Baada ya muda hakuhitaji tena kulazimishwa.

Siku moja akaja afisa wa leseni, mtu mfupi mwenye faili la kijani. Akamuuliza umri. "Kumi na tisa," akajibu bila kukwama. Afisa akaandika, kisha bila kuinua kichwa akauliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, amezaliwa siku gani, mwaka gani. Akataja siku na mwaka wake wa kweli. Za uongo hakuwahi kuzitafuta.

Alifukuzwa jioni ileile, na mshahara wa mwezi ule hakuuona. Alimlaani yule afisa kwa miaka. "Siku hizi namtaja kwenye sala," anasema. "Sijui kama yuko hai. Alinitoa mahali ambapo mimi mwenyewe nisingetoka."

Pombe aliiacha alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, na hajairudia. Kazi ya baa aliirudia, akiwa mtu mzima sasa, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifahamu. Katika nyumba ya ibada anakosali, kuna kina mama waliowahi kumweka kikao wakamuuliza inakuwaje mtu anyooshe mikono kwa Mungu na mikono hiyohiyo imwage bia. Hakukasirika. Aliwajibu kwamba baa itafunguliwa awepo asiwepo, na yeye anaona afadhali mlangoni asimame mtu anayeomba kuliko asimame asiyeomba. Mmoja wao hadi leo hamsalimii.

Ubao aliukuta tayari. Aliununua mwenye baa, mzee mmoja mwembamba ambaye wafanyakazi humwita Bosi Miwani kwa sababu huzitafuta miwani akiwa amezivaa. Wazo lilikuwa jema: badala ya kila mhudumu kupiga hesabu mbele ya mteja, tarehe iandikwe asubuhi mara moja, na mhudumu alinganishe tu na kitambulisho. Mama Tarehe akapewa kazi ya kuiandika. Siku kwa siku haikuhitaji elimu. Jana ilikuwa tisa, leo kumi. Mwaka ulibadilika mara moja tu kila Januari, na hapo alikuwa akiongeza mmoja.

Ndipo kosa lilipoingia.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2016. Tarehe mosi Januari alikuwa mapumzikoni, na Bosi Miwani, kwa kusaidia, akapanda kwenye kreti akabadilisha mwaka kutoka 1997 kuwa 1998. Hakumwambia mtu. Tarehe mbili Mama Tarehe akarudi kazini, akafuta siku, akakumbuka kwamba mwaka ni mpya, na mkono ukafanya ulichozoea. Akaongeza mmoja. Ubao ukasoma 1999.

Kwa siku tatu kaunta ile ikawauzia watoto wa miaka kumi na saba, kwa utaratibu kabisa, vitambulisho vikiwa mezani.

Jioni ya siku ya tatu alikuja kijana mmoja aliyekuwa akicheza kiungo katika timu ya mtaa. Alizaliwa Juni 1998. Hakudanganya chochote. Alitoa kitambulisho chake cha shule, mhudumu akakitazama, akautazama ubao, akamfungulia chupa. Ikafuata ya pili, ya tatu na ya nne. Akiwa njiani kurudi nyumbani alitumbukia kwenye mtaro usio na kifuniko, mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili.

Kesho yake mchana mama yake alikuja. Ni mshonaji, na alikuja na tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni, kama mtu aliyeinuka ghafla kwenye cherehani. Baa nzima ilijiandaa kusikia matusi. Yeye aliweka kitambulisho cha mwanawe juu ya kaunta, akakisogeza taratibu, akanyoosha kidole ubaoni.

"Dada, nisaidie kuhesabu," alisema. "Mimi hesabu zangu ni za nguo tu."

Mama Tarehe alihesabu kwa vidole. Ikatoka kumi na saba. Akahesabu tena. Mara ya tatu hakumaliza.

"Nilitaka aniseme," anakumbuka. "Angenisema ningepumua. Akasema, sikuja kukushitaki, nilitaka ujue. Akachukua kitambulisho chake akaondoka. Nilibaki nimesimama pale na ubao wangu."

Alikwenda hospitali siku ileile, akarudi kila siku mpaka kijana akatoka. Kisha, akiwa na miaka thelathini na sita, akajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa meza, kati ya dereva wa lori na bibi mmoja aliyetaka kusoma barua za wajukuu kabla hajafa. Alisoma miaka miwili. Mwalimu alimfundisha kutoa kumi na minane kwa njia ambayo haimpotezi: toa ishirini, rudisha mbili. Ndiyo hesabu inayotembea midomoni mwake kila asubuhi, na huihesabu mara mbili, kuanzia mwaka wa leo kushuka na kuanzia mwaka wa ubaoni kupanda.

Yule kijana hakucheza tena mpira. Leo ana miaka ishirini na sita, ni fundi wa kuchomelea mageti, na huchechemea kidogo hewa ikiwa na baridi. Huja baa hii jioni za Jumamosi, hunywa bia moja, na huanza kwa swali lilelile.

"Mama Tarehe, leo umehesabu vizuri, au nikae karibu na mlango?"

"Kaa popote, Fundi. Mtaro wameufunika."

Kila tarehe mosi Januari, mvua inyeshe isinyeshe, Fundi huja asubuhi kabla baa haijafunguliwa, hupanda kwenye kreti na kuandika mwaka mpya kwa mkono wake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa mwaka, hata Bosi Miwani. Mama Tarehe ndiye aliyemwomba, mwaka mmoja baada ya ajali. Alisema amechoka kujiamini peke yake.

Kwa muda mrefu mambo yakaenda hivyo, mpaka Oktoba iliyopita, siku sheria ilipoingia nyumbani kwake.

Mtoto wake wa mwisho ni msichana. Nyumbani wanamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Oktoba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari, mrefu kumpita mama yake, mwepesi wa hesabu na wa simu, na kichwani ana jambo moja tu: chuo cha uuguzi. Ada ya mwaka wa kwanza ilikuwa karibu mshahara wa miezi sita wa mama yake.

Mwezi huohuo Bosi Miwani akafungua baa ya pili karibu na stendi. Kwa miaka kadhaa alikuwa amemwahidi Mama Tarehe kwamba siku tawi la pili likifunguliwa, msimamizi atakuwa yeye. Mshahara ungefika laki nne. Angekuwa na meza yake na kiti chenye mgongo.

Bosi alikuja nyumbani kwao mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na furaha. Akasema mambo yameiva, mama awe msimamizi na binti awe mhudumu, wafungue pamoja Jumamosi ijayo. Binti yule ni mchangamfu, wateja watampenda, na ada ya chuo itapatikana bila kukopa kwa mtu. Chiriku alipiga makofi. Bibi yake, mama wa Mama Tarehe, aliyekuwa akichambua maharage kwenye kona, akasema Mungu amesikia.

Mama Tarehe akasema bado miezi saba.

Bosi alidhani hakusikia vizuri. Akaeleza tena. Yeye akarudia, kwa heshima, kwamba binti ana miaka kumi na saba na miezi mitano, na kwamba Mei ikifika, tarehe kumi na nne, atampeleka mwenyewe kwa mkono kama bado ataitaka kazi hiyo.

"Nani atajua?" Bosi akauliza. "Mtoto ananizidi kimo mimi."

"Mimi nitajua, Bosi. Siku hiyo nilikuwepo."

Bibi alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akarudi kwenye maharage.

Bosi hakupandisha sauti. Alisema anahitaji msimamizi anayeelewa biashara, na kwamba mtu asiyeweza kulegeza miezi saba kwa damu yake mwenyewe atamletea shida kila siku. Akampa hadi kesho yake afikiri. Mama Tarehe anasema hakulala. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia Mungu habari za ada, habari za mgongo wake, habari za kile kiti. Aliomba apewe sababu ya kukubali. Kila alipofumba macho alikiona kitambulisho kikisogezwa polepole juu ya kaunta, na nyuma yake akamwona msichana wa miaka kumi na sita akiwa na trei.

Asubuhi alimwambia Bosi hapana. Usimamizi akapewa binamu yake Bosi.

Katika simulizi nyingi za aina hii, hapa ndipo afisa wa leseni angevamia tawi jipya na kulifunga, na mama mwenye msimamo angecheka mwisho. Afisa hakuja. Tawi la pili lilifunguliwa kwa muziki, likajaa watu, na mpaka leo linajaa. Hakuna aliyeadhibiwa kwa lolote.

"Nilikuwa naomba aje," Mama Tarehe anakiri, akifunika uso kwa kitambaa cha kaunta huku mabega yakitikisika kwa kicheko. "Kila asubuhi, Bwana, mlete afisa pale stendi. Wiki nzima. Halafu nikajikemea. Nikatubu. Ile haikuwa sala, ilikuwa fitina."

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa nyumbani. Chiriku alinyamaza. Siku kumi na saba hakusema na mama yake neno moja, akawa anatuma ujumbe kupitia bibi huku wote watatu wamekaa chumba kimoja. "Bibi, mwambie mama yangu chumvi imekwisha." "Bibi, muulize mama yangu kama anahitaji hili beseni." Bibi, ambaye masikio yake si mazuri, alifikisha nusu ya salamu na nyingine akazigeuza, na zipo siku walikula chakula bila chumvi kwa sababu hiyo.

Aliyeukata ukimya ule hakuwa mama wala mtoto. Yule mshonaji, mama yake Fundi, alisikia habari za binti anayetafuta kazi ya halali kwa umri wake. Alikuwa na sare za shule za kushona kabla ya muhula mpya, mia mbili na zaidi, na mikono miwili tu. Akamwita Chiriku aje akunje pindo na kushikiza vifungo. Malipo yalikuwa madogo kuliko ya baa, lakini yalilipwa kila Ijumaa.

Wiki ya pili, huku wakishikiza vifungo, Chiriku akaanza kumsema mama yake. Akasema mama anaupenda ubao kuliko mtoto wake. Mshonaji alimwacha amalize. Kisha akamweleza kwa nini Fundi anachechemea, nani aliyeandika mwaka ule, na nani aliyekuja hospitali siku thelathini na moja mfululizo na uji kwenye chupa ya chai. Chiriku alikuwa amemjua Fundi tangu utotoni. Hakuwahi kuambiwa. Mama yake alikuwa ameona aibu miaka yote ile.

Jioni hiyo alirudi nyumbani akamkuta mama yake akiosha vyombo. Hakupitia kwa bibi.

"Mama, ulikosea mara moja tu?"

"Mara moja. Siku tatu."

Chiriku akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani. Kufikia sahani ya nne alikuwa ameshaanza kusimulia habari za mteja aliyetaka sare ya mtoto ishonwe kubwa ivaliwe hadi chuo kikuu, na bibi kwenye kona akasema afadhali, maana kazi ya tarishi ilikuwa imemchosha.

Mwezi uliopita Bosi Miwani alikuja kwenye kaunta ya zamani, miwani kwenye paji la uso, amebeba kitu kilichofungwa kwa magazeti. Hakusema samahani. Alifungua magazeti, ukatokea ubao mpya, bado unanuka rangi, wenye maneno yaleyale na nafasi tupu katikati. Alisema kijana wake wa kwanza ametimiza miaka kumi na sita, na kwamba akitoka shule hupita pale stendi. Akauliza kama Mama Tarehe angeweza kwenda kila Jumatatu kuwafundisha wahudumu wa kule namna ya kuhesabu.

Huenda. Wahudumu saba humsubiri, binamu msimamizi akiwa wa nane, na wote husema kwa pamoja: toa ishirini, rudisha mbili. Huwafundisha na lile swali la siku. Wawili kati ya wahudumu wale, hesabu ilipopigwa siku ya kwanza, walikutwa hawajatimiza umri. Binamu aliinamisha kichwa. Mama Tarehe hakuwafukuza kama alivyofukuzwa yeye. Alisimama pale mpaka wakalipwa mwezi wao wote, kisha akawatafutia nafasi kwenye kiwanda kidogo cha mikate.

Saa saba mchana. Baa ina wateja sita. Mlango unasukumwa na msichana mrefu mwenye gauni la bluu na begi la kitambaa lenye nyuzi zilizonasa pembeni. Mlangoni anasimama, kwa sababu tangu azaliwe ameambiwa mwisho wake ni hapo. Kisha anavuka, anatembea hadi kwenye kaunta na kuweka viwiko juu yake kama mteja wa siku nyingi.

"Habari za kazi, mama. Naomba kinywaji."

Mama Tarehe anaifuta kaunta mahali palipokwisha futwa. "Karibu. Ulizaliwa lini?"

"Mama. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Toa cheti."

Wateja wawili wanageuza viti vyao. Chiriku anatoa kwenye begi karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, cheti cha kuzaliwa ambacho mama yake amekitunza kwenye kopo la biskuti kwa miaka kumi na minane. Mama Tarehe anakifungua, anakisoma kwa kidole kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Tarehe kumi na nne. Mei. Elfu mbili na saba. Kidole kinateremka hadi kwenye mstari wa jina la mama na kinakaa hapo. Anageuka kuutazama ubao. Midomo inatembea. Anarudia hesabu.

"Imetimia," anasema. "Unakunywa nini?"

"Soda. Baridi. Na hiyo ya bia usinifikirie, nimeona inavyowafanya wateja wako."

Mteja mmoja analalamika kwamba hiyo inamhusu yeye. Mhudumu wa friji anafungua soda na kukataa kupokea hela. Kuhusu trei, Chiriku anasema mama yake alitimiza ahadi, jana usiku alimuuliza kama bado anaitaka kazi ya tawi la pili, na jibu lake lilikuwa hapana. Ameshapata zaidi ya nusu ya ada kwa vifungo na pindo, chuo kinafunguliwa Septemba, na mshonaji amemwahidi sare za muhula mwingine.

Mama Tarehe naye ana fomu. Ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala: maombi ya leseni ya kuuza vinywaji, kwa jina lake mwenyewe. Ameijaza kwa mkono wake, kurasa nne, bila kusaidiwa, na amefuta mara mbili tu. Anataka chumba kidogo chenye meza sita, kitakachofunguliwa mchana na kufungwa mapema, chenye chakula na soda nyingi kuliko bia. Akiba aliyonayo inatosha kodi ya miezi mitatu. Anaamini Januari itamkuta amefungua, na Fundi ameshaambiwa kwamba mwaka huo ataandika mbao tatu.

Chiriku anamaliza soda yake, anarudisha cheti kwenye plastiki, na kuuliza kama anaweza kuipiga picha ile tarehe kabla haijafutwa. Anaipiga. Anamwomba mama yake asiifute kesho, aiache hata siku mbili tu, kwa kumbukumbu.

Mama Tarehe anacheka, anatikisa kichwa, na kukitundika kitambaa kwenye msumari ulio chini ya ubao, tayari kwa asubuhi.

"Haiwezekani, mwanangu. Kesho ni tarehe ya mtoto wa mtu mwingine."